Mstari wa Wino Katika Daftari la Bubu

Mama fundi cherehani alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka ishirini na minane, na binti huyo usiku alikuwa halali usingizi.

Uhuni hakuwa nao. Mwenye uhuni ana nafuu, mama yake anajua aende kumvizia wapi. Huyu alikuwa hapo hapo juu ya paa, kwenye jengo lile lile walilopanga, ngazi ishirini na mbili za chuma kutoka mlangoni kwao. Majirani walimwita Popo, na mama mwenyewe alikataa jina hilo mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akachoka kukataa, wa tatu akaanza kulitumia.

Mchana Popo alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anatoka na begi na chuma chake cha kufunulia vifuniko. Nyumba kwa nyumba, anapiga magoti, anafuta tope kwenye kioo cha mita, anasoma namba, anaandika, anainuka. Magoti yake yalikuwa na sugu kama ya mtu wa ibada. Jioni anarudi, anakula, anavaa sweta la marehemu baba yake, anapanda. Kule juu, kando ya tangi la maji, ilisimama darubini yake: bomba nene kama paja, kioo cha chini kipana kama sahani, limekalia sanduku la mbao alilolipigilia misumari mwenyewe.

"Wenzangu wameletewa wakwe," mama alizoea kusema. "Mimi nimeletewa bomba."

Fundi simu wa chumba cha chini hakuacha kumchokoza. "Mama, Popo wako siku hizi anamsomea mita Mungu?"

"Anamsomea."

"Basi mwambie aangalie kama kule juu maji yanatoka. Huku bombani kwetu ni upepo mtupu."

Mama alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Aliendesha usiku wa tatu mfululizo, akasinzia sekunde chache tu, ikawa basi. Tangu hapo mama hakuogopa mwizi wala ugonjwa kama alivyoogopa jicho jekundu la mtu asiyelala. Akimwona Popo anapiga miayo mezani, yeye mwenyewe aliacha kula.

Na kilichomkosesha mtoto usingizi hakikuonekana hata. Hilo ndilo lililomchosha mama kuliko yote.

"Hebu nieleze tena," alimwambia siku moja, yuko kwenye cherehani anapinda sketi za shule. "Huyo Bubu wako ni nini hasa?"

Bubu ndilo jina walilompa. Jina lake halisi lilikuwa herufi na namba, kama namba ya gari.

Popo akachukua kibobini cha uzi na kifungo, akaviweka mezani vikigusana. "Ni nyota mbili, Mama. Zimekaribiana mno, zinazungukana hata saa moja na nusu haijatimia. Hii ndogo ni kibete. Ilishakufa zamani, ndogo kama dunia yetu lakini uzito wake unakaribia wa jua. Hii nyingine ni laini. Basi kibete anamnyonya mwenzake. Sasa, anachonyonya hakimwingii moja kwa moja, kinamzunguka kwanza, kama maji yanavyozunguka tundu la beseni. Kinajaa, kinajaa, miaka na miaka. Siku moja kinazidi, kinashika moto chote kwa pamoja, kinawaka."

"Na hizo nyota zinakufa?"

"Hazifi. Ule mzunguko ndio unaowaka. Wiki mbili tatu unapoa, wanarudi kimya, kibete anaanza tena kunyonya."

Mama akakata uzi kwa meno. "Hiyo ndoa naijua."

Popo akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema kuna nyota za aina hiyo zinazowaka kila mwezi, mtu huchoka kuziandika, lakini Bubu ni mkaidi. Mara ya mwisho aliwaka miaka ishirini na minane iliyopita. "Mwaka ule ulipokuwa na mimba yangu."

"Na akinyamaza humwoni."

"Simwoni. Ni hafifu kuliko uwezo wa kioo changu."

"Kwa hiyo miaka saba unapanda ngazi kwenda kutazama mahali pasipo na kitu."

"Kutokuona nako ni habari, Mama, ukiwa umetazama kweli." Akamfungulia daftari. Kila usiku aliopanda, mstari mmoja kwa penseli: tarehe, saa, hali ya anga, halafu *sijamwona*, halafu namba ya nyota hafifu kuliko zote aliyoiona pale pembeni. Mara nyingi ilikuwa 13.4. Namba hizo za mwanga, alieleza, huenda kinyume: ikipungua ndipo nyota inang'aa zaidi, kama darasani, wa kwanza ndiye bora. "Nikiandika hivi na kuwatumia kwa simu, watu wa mbali wanajua kwamba saa hiyo, kwa uhakika, Bubu alikuwa bado hajawaka. Siku akiwaka watajua alianzia wapi."

Mama aliishia darasa la saba, lakini namba alizijua vizuri, za viuno na mabega. Yeye ndiye aliyemfundisha Popo kuziandika, kabla mtoto hajaanza shule, kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza hii hii. Tatu yenye tumbo, nne iliyofungwa juu, moja yenye kofia. Ukiweka daftari la vipimo vya mama na daftari la nyota la binti, usingejua nani kaandika lipi, ila mmoja aliandika kwa kalamu ya wino na mwingine kwa penseli, maana juu ya paa umande huloanisha karatasi na wino haupendi maji.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Popo hakulivumilia. Wenzake kazini, baadhi yao, walikuwa wanakaa kwenye kibanda cha chai, wanatazama namba ya mita ya mwezi uliopita, wanaongeza kidogo, wanajaza fomu. Wenyewe waliita kusoma kwa makalio. Popo aliposimulia alikuwa anatema maneno kama mbegu za ndimu. "Mita hujaiona, unaiandikaje?"

Mwaka huo neema ilibisha hodi. Profesa mmoja, mama mtu mzima, mkuu wa kituo kikubwa cha darubini huko mlimani, alikuwa amesoma kumbukumbu za Popo za miaka saba. Alimpigia simu mwenyewe. Kulikuwa na nafasi ya mtazamaji msaidizi. Kazi ya usiku, lakini mchana ni wako, unalala kwenye chumba chenye mapazia mazito, hakuna mita wala mbwa. Jina la Popo lilikuwa juu kwenye orodha, kikao kilikuwa mwisho wa mwezi.

"Mchana unalala?" mama aliuliza mara tatu. "Wanakuruhusu kulala?"

"Wanakulipa ulale, Mama."

Usiku huo mama alilala fofofo, peke yake katika nyumba.

Sasa sikilizeni ilivyoharibika.

Wiki mbili kabla ya kikao, msoma mita mmoja aliugua na mitaa yake akapewa Popo juu ya ile yake. Siku ya nne alirudi nyumbani viatu mkononi. Alikula nusu sahani. Akajilaza juu ya rundo la vitambaa vya sare, akasema, "Niamshe saa tatu, Mama. Usinihurumie."

Saa tatu ilipofika mama alizima cherehani, akaenda kumwamsha. Akamtazama. Miguu imevimba, alama ya ukanda wa kiatu imezama kama uzi uliokazwa mno. Mdomo wazi kidogo. Ndivyo alivyokuwa baba yake walipomleta. Mama aliunyoosha mkono hadi begani kwa mtoto, akaurudisha.

Akaenda dirishani. Anga lilikuwa safi, hakuna hata wingu. Akafikiri: miaka saba, kila siku hamna kitu. Leo nako kutakuwa na nini?

Daftari lilikuwa kwenye begi. Alilifungua mezani, akautazama mstari wa jana, akachomoa kalamu yake ya vipimo kutoka kwenye kilemba, akaandika chini yake: tarehe ya leo, saa, *anga safi, sijamwona, 13.4*. Hakutetemeka hata kidogo. Aliona amemshonea mwanawe kiraka kizuri, kisichoonekana mshono. Akalirudisha daftari, akamfunika mtoto kwa kanga, akazima taa.

Alfajiri umeme ulikuwa umekatika. Popo aliamka ameshachelewa, akalifungua daftari kwa mwanga wa simu, jicho moja limefumba.

"Mama, jana nilipanda?"

Hapo ndipo mama angeweza kujiokoa. Neno moja tu.

"Ulipanda," alisema. "Ukashuka."

"Mbona sikumbuki hata ngazi?"

"Utakumbukaje, ulikuwa unatembea usingizini."

Popo akatikisa kichwa, akautuma mstari ule kwa simu kama alivyotuma mistari yote, akatoka mbio. Mama aliona siku hiyo anatembea vizuri, hachechemei. Akajipongeza.

Jioni yake, hata saa mbili na nusu haijagonga, jengo zima lilisikia ukelele kutoka juu. Fundi simu alitoka na nyundo akidhani ni mwizi wa tangi. Mama alipanda zile ngazi ishirini na mbili kwa magoti yake mabovu, akamkuta mwanawe anaruka ruka kama mtoto wa chekechea.

"Kawaka! Mama, Bubu kawaka! Njoo, usiguse bomba, weka jicho hapa!"

Mama aliweka jicho. Katikati ya vidoti vingi kulikuwa na kimoja cheupe, kikali, kimetulia. Hakikuwa kama alivyotegemea; hakikuwa na moshi wala cheche. Kilikuwa kinamtazama tu.

"Nane nukta sita," Popo alisema, anaandika, machozi yanamdondoka. "Miaka saba! Jana hakuwepo, leo yupo. Nimempata mwanzoni kabisa, Mama! Mimi!"

"Jana hakuwepo," mama alirudia. Akakaa juu ya ukuta wa tangi. Fundi simu akamwambia pole, ngazi si mchezo.

Siku tatu Popo alikuwa anaimba akipiga mswaki. Jumapili mchana simu ikalia. Alizungumza akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akawa hasemi ila "ndiyo, Profesa" na "naelewa, Profesa." Alipokata, uso wake ulikuwa kama shuka lililosahauliwa kambani.

Ilikuwa hivi. Usiku ule wa anga safi, mzee mmoja wa kisiwa cha mbali, mtazamaji kama Popo, alimwona Bubu amewaka, muda wa saa tatu nzima kabla ya saa ile iliyoandikwa daftarini. Lakini kwake kulikuwa na mawingu, mzee ni muungwana, akaandika kwamba hana hakika. Wakubwa walikuwa na darubini nyingine, ile inayoelea nje ya hewa ya dunia, wameiweka tayari siku yoyote kumgeukia Bubu saa zake za kwanza. Wakasema wangoje mtu wa pili. Mtu wa pili alikuwa Popo. Asubuhi ikaja habari yake: anga safi, sijamwona, 13.4. Kwa kuwa Popo hajawahi kukosea, wakasema mzee ndiye aliyekosea, ametazama nyota siyo. Darubini ikapelekwa kwingine. Walipokuja kuthibitisha, siku nzima ilikuwa imepita, na hiyo ndiyo siku waliyoisubiri miaka ishirini na minane.

"Wanauliza nilitazama nini," Popo alisema. "Wao hawajanituhumu. Wanauliza tu."

Mama alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano. Uliingia mara ya kwanza na yeye hakujua.

"Anga safi, nyota ya tisa au ya nane, hata kipofu angeiona," Popo aliendelea, polepole, kama anayejisomea mashtaka. "Mimi nimeandika sijaiona. Mkono ni wangu. Na sikumbuki, Mama. Wewe mwenyewe uliniambia nilitembea usingizini."

"Yalikuwa maneno tu."

"Nimeandika nikiwa nimelala." Akavuta karatasi, akaiweka kwenye meza ya kukatia, akaanza kuandika. Mama hakuthubutu kusogea. Baada ya muda Popo akamsomea bila kuulizwa. Alikuwa anaomba wamfutie kumbukumbu zake zote, miaka saba, usiku elfu moja na mia tisa na kitu. *Kama mkono wangu unaweza kuandika bila jicho langu, sina njia ya kujua ni usiku gani mwingine uliandika peke yake.* Na jina lake litolewe kwenye orodha ya kikao.

"Futa huo mmoja!" mama alisema. "Nguo ikitoboka sehemu moja huichomi moto!"

"Hii si nguo, Mama. Hii ni kama mita. Ukijua msomaji mmoja anasomea kwa makalio, fomu zake zote unazitupa."

Mama aliweka sindano chini. Alijua njia ya mwongo ni fupi, ila hakujua kwamba mwisho wake uko kwenye meza yake mwenyewe.

"Mstari ule ni wangu," alisema. "Wewe hukupanda. Ulilala. Niliandika mimi."

Popo hakuinua hata kichwa. "Mama, usinifunike. Mimi si mtoto."

"Nakuapia."

"Ungeniapia chochote ili niache kuandika barua hii. Nakujua." Akatabasamu kwa uchovu, tabasamu la mtu anayemsamehe mgonjwa. Hilo lilimchoma mama kuliko kofi. Alikuwa amedanganya akaaminiwa. Sasa anasema kweli, haaminiwi.

"Lete daftari," akasema. "Lilete hapa kwenye mwanga wa dirisha."

Tangu siku ile Popo alikuwa akilifungua juu ya paa tu, kwa tochi aliyoifunga kitambaa chekundu ili macho yasizoee mwanga, na kwenye mwanga mwekundu rangi zote ni nyeusi. Sasa mama alifunua ukurasa mbele ya dirisha. Umande wa siku tatu ulikuwa umepita juu yake. Mistari yote ya penseli ilikuwa imekaa pale pale, ya kijivu, safi. Mmoja tu ulikuwa umevuja, umetanuka, ukawa wa bluu kama jicho lililopigwa ngumi.

"Wewe huandiki kwa wino," mama alisema. Akachomoa kalamu kutoka kwenye kilemba, akaiweka juu ya ukurasa.

Popo alipitisha kidole juu ya mstari ule. Nje mtoto wa jirani alikuwa anagongesha mpira ukutani, du, du, du. Mama alingoja apigiwe kelele. Angeshukuru.

"Kwa hiyo nililala," Popo alisema mwishowe.

"Muda wa saa kumi nzima. Hukugeuka."

"Ndiyo maana siku ile miguu haikuuma." Akapangusa uso kwa kiganja. "Umenisomea kwa makalio, Mama. Wewe."

"Nilikuhurumia."

"Nilikuambia usinihurumie."

Waliichana ile barua. Jioni mama mwenyewe ndiye aliyezungumza na Profesa. Alijieleza yote, hata kalamu, hata kilemba. Alisema, "Mama mwenzangu, mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu hakuchuma, nakuomba asile." Profesa akashukuru kuambiwa. Mstari mmoja utafutwa na sababu itaandikwa. Miaka saba itabaki. Mzee wa kisiwani ataombwa radhi. Kuhusu nafasi, alisema kwa sauti ya upole ambayo mama hakuisahau, mwaka huu hataweza kulitetea jina hilo mbele ya kikao. Watamwuliza daftari linakaa wapi na nani mwingine analigusa. Mwakani aombe upya.

"Na Bubu?" mama aliuliza, hata hakujua kwa nini.

"Bubu atawaka tena, miaka ishirini na tano, thelathini. Wengine wetu hatutakuwepo."

Kwa hiyo Popo bado anasoma mita. Bubu alififia usiku baada ya usiku, tisa, kumi, kumi na moja na nusu, akazama, ikarudi *sijamwona*. Popo alinunua kikasha cha bati chenye kufuli dogo, daftari likalala humo. Kila jioni mama alisikia kufuli linasema tk, akaongeza mwendo wa cherehani ili asilisikie. Hawakugombana. Walikula pamoja, waliulizana habari za kutwa. Ila tk ile ilikuwepo.

Mzazi unayesoma haya, mtoto wako akichoka, mbebee maji, mkande miguu, mpigie magoti bosi wake ukitaka. Mpende kwa vyako. Usimpende kwa daftari lake.

Juzi juzi Popo alirudi tena viatu mkononi. Alijilaza pale pale kwenye rundo la sare. Mama akamwuliza, "Nikuamshe saa tatu?"

"Niamshe." Akafumba macho. "Nikishindwa kuamka, usiandike kitu. Acha mstari mtupu. Mtupu hauna dhambi."

Saa tatu mama alimtikisa bega. Alimtikisa kweli, mara tatu, akamwita kwa jina lake la kuzaliwa. Popo akanong'ona kitu, akageukia ukuta. Kikasha cha bati kilikuwa mezani, kati ya mkasi na chaki. Kufuli lilikuwa wazi, limening'inia. Mama alivuta kiti, akaketi mbele ya kikasha, kalamu yake ikiwa kilembani, mikono mapajani, akakaa hivyo mpaka akachoka, akaenda kulala.

Asubuhi alimsikia binti akifunua kurasa. Kisha penseli, mkwaruzo mfupi: tarehe, na kistari kirefu kisicho na namba.

"Mama," Popo aliita kutoka chumba cha pili, sauti bado ina usingizi. "Chai iko wapi?"

Kufuli halikusema kitu.